Mtoto njiti mwenye ugonjwa sugu wa mapafu: uuguzi unaompa muda wa kukua

Na Mwandishi Wetu

Katika wadi za watoto wachanga hapa nchini huwapo mara kwa mara mtoto ambaye wenzake waliolazwa naye wiki moja wamekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani, naye angali na mrija mdogo wa oksijeni puani. Homa hana. Uzito wake unapanda, ingawa polepole. Lakini oksijeni ikipunguzwa kwa dakika chache tu, ulimi hubadilika rangi na ngozi ya katikati ya mbavu huanza kubonyea ndani kila anapovuta pumzi. Mama yake, aliyekaa hospitalini kwa mwezi wa pili sasa, huwauliza wauguzi swali lile lile kila asubuhi: mwanangu anaumwa nini, na atapona lini?

Kitaalamu hali hiyo huitwa bronkopalmonari displasia, na kwa lugha nyepesi ni ugonjwa sugu wa mapafu wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Daktari huutambua pale mtoto njiti anapokuwa bado anahitaji oksijeni baada ya kutimiza siku 28 tangu azaliwe. Uzito wa ugonjwa hupimwa baadaye, mtoto anapofikia umri wa wiki 36 kwa hesabu ya ujauzito. Kwa mfano, aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 28 hupimwa wiki nane baada ya kuzaliwa.

Neno “sugu” huwaogofya wazazi, na si ajabu, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida ugonjwa sugu ni ule usiokwisha. Hapa maana yake ni kwamba ugonjwa ni wa muda mrefu. Watoto wengi huachana na oksijeni kadiri mapafu yao yanavyokua, ingawa baadhi hubaki na vifua dhaifu kwa miaka kadhaa. Hakuna sindano wala kidonge kinachoujenga upya mfumo wa hewa uliokatizwa katikati ya ujenzi wake. Kinachoujenga ni ukuaji wa mtoto mwenyewe, na ukuaji huo unahitaji muda. Sehemu kubwa ya kazi ya muuguzi, na ya mzazi anayefundishwa naye, ni kuulinda muda huo.

Mapafu yaliyotoka tumboni mapema

Ndani ya mapafu hewa huishia katika vifuko vidogo sana, ambamo oksijeni huingia katika damu. Mtoto aliyetimiza muda wake tumboni huzaliwa na takriban vifuko milioni 50, na idadi hiyo huendelea kuongezeka kwa miaka kadhaa hadi kufikia mamia ya milioni kwa mtu mzima. Aliyezaliwa akiwa na wiki 26 au 28 bado hajavijenga. Alicho nacho ni vyumba vichache vipana, vyenye kuta nene zisizo na mishipa ya damu ya kutosha.

Tatizo la pili ni upungufu wa safaktanti, utelezi maalumu unaozuia kuta za vifuko zisigandamane. Mapafu yasiyo na utelezi huo hufanana na mfuko wa plastiki uliolowa maji: ukitoka hewa, kuta zake hunatana, na kuufungua upya huhitaji nguvu kubwa. Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani ndio walioeleza mwaka 1959 kuwa upungufu huo ndio chanzo cha vifo vingi vya watoto njiti katika siku zao za mwanzo.

Mwanzo wa ugonjwa wenyewe una jambo la kutafakarisha. Mwaka 1967 William Northway na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti kwa mara ya kwanza makovu katika mapafu ya watoto njiti ambao mashine za kupumulia ziliwaokoa. Watoto hao walikuwa wamepewa hewa kwa shinikizo kubwa pamoja na oksijeni nyingi. Kwa maneno mengine, tiba iliyowanusuru na kifo ndiyo iliyochangia kuyajeruhi mapafu yao. Tangu hapo tiba imeboreshwa sana, na leo ugonjwa huu huwapata zaidi waliozaliwa wadogo mno, hasa ambao mapafu yao yalipata pia maambukizi. Hata hivyo, funzo la Northway bado ndilo linaloongoza uuguzi wa watoto hawa.

Oksijeni ni dawa, nayo ina kipimo

Mwananchi anayeingia wadini hudhani kwamba oksijeni ikizidi ni heri. Sivyo. Kwa mtoto njiti anayepewa oksijeni, kiwango kinacholengwa katika damu kwa kawaida ni kati ya asilimia 90 na 95. Ikishuka chini ya hapo kwa muda mrefu, ubongo na utumbo huathirika na shinikizo la damu ndani ya mishipa ya mapafu hupanda. Ikizidi, huyachoma mapafu na pia hudhuru mishipa ya nyuma ya jicho. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 watoto wengi wa Ulaya, Marekani na Australia walipofuka kwa sababu hiyo kabla chanzo hakijafahamika. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa mapema sana hupaswa kuchunguzwa macho na mtaalamu, na mzazi ana haki ya kuuliza tarehe ya uchunguzi huo kabla hajaruhusiwa.

Kwa hiyo muuguzi anayeonekana akiongeza na kupunguza koki ya oksijeni mara kwa mara hachezei mashine. Anafuata namba inayosomeka kwenye kipima oksijeni kilichofungwa mguuni mwa mtoto. Namba ikishuka, hakimbilii koki kwanza. Hutazama kama mrija umetoka puani, kama pua imeziba, kama shingo imejikunja, kama kipimo chenyewe kimelegea. Mara nyingi sababu huwa mojawapo ya hizo. Oksijeni ikiongezwa bila kutazama, sababu hubaki pale pale na mtoto hubaki na kiwango asichokihitaji.

Anayehitaji msaada zaidi huwekewa kifaa kinachopeleka hewa puani kwa shinikizo dogo lisilokatika, ili vifuko visijifunge anapotoa pumzi. Vifaa vya aina hii vinavyotumika katika hospitali nyingi ni rahisi kuvielewa. Mrija wa kutolea hewa huzamishwa katika chupa ya maji, na kina cha mrija ndani ya maji, mathalani sentimita tano au sita, ndicho kinachoamua shinikizo. Maji yakitoa mapovu, kifaa kinafanya kazi. Mapovu yakikoma, hewa inavuja mahali fulani, pengine mdomo uko wazi au vijiti vya puani vimelegea. Mama akilifahamu hilo huwa jicho la pili la muuguzi, hasa usiku ambapo muuguzi mmoja huhudumia watoto wengi.

Vijiti hivyo vina madhara yake. Vikibana, hukata ngozi laini inayozitenganisha tundu za pua, na kidonda cha hapo huweza kuacha kovu la kudumu. Muuguzi mzoefu huacha nafasi ndogo kati ya kifaa na ngozi na huikagua pua kila anapomhudumia mtoto. Kunyonya makamasi kwa mashine hufanywa tu inapohitajika, wala si kwa ratiba, kwa kuwa kila mpira unaoingia puani huleta uvimbe na kushusha oksijeni.

Kuna pia dawa. Kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa, huuamsha ubongo wa mtoto njiti usisahau kupumua. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa watoto waliopewa dawa hiyo walitoka katika mashine mapema zaidi na wachache wao walipata ugonjwa sugu wa mapafu. Kabla ya kutoa dozi muuguzi huhesabu mapigo ya moyo, na yakiwa ya kasi kupita kiasi humjulisha daktari. Dawa za kupunguza maji mwilini na zile za jamii ya steroidi hutumiwa kwa baadhi ya watoto kwa uamuzi wa daktari bingwa, kwa kuwa madhara yake si madogo.

Katika haya yote, muuguzi hujitahidi kumgusa mtoto mara chache. Nepi, kipimo cha joto, kugeuzwa ubavu na kulishwa hufanywa kwa pamoja, kisha mtoto huachwa alale. Kila anaposhtuliwa hutumia nguvu aliyopaswa kuitumia kukua. Simu zinazoita kwa sauti kubwa wadini, ambazo wageni huziona kuwa jambo dogo, humwamsha kama zinavyomwamsha mtu mzima.

Maziwa, gramu kwa gramu

Mtoto anayepumua kwa shida hutumia chakula kingi kwa kupumua tu. Ni sawa na mtu anayepanda mlima usiku na mchana, naye anatarajiwa anenepe. Lengo la kawaida kwa mtoto njiti ni kuongezeka angalau gramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo moja na nusu anapaswa basi kuongeza kama gramu 22, ambazo ni uzito wa vijiko vitano hivi vya chai vya sukari. Muuguzi anapogombea mizani ile ile, saa ile ile, mtoto akiwa uchi, anatafuta tofauti ndogo kama hiyo. Upande wa pili, uzito ukipanda ghafla kwa siku moja si habari njema. Huenda ni maji yanayojikusanya mwilini, na kwa mtoto huyu maji hayo hukimbilia mapafuni.

Maziwa ya mama ndiyo chakula kinachomfaa kuliko vyote, kwa sababu humkinga pia na maambukizi ya utumbo na ya kifua. Mama hushauriwa kuanza kukamua ndani ya saa chache baada ya kujifungua na kuendelea angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo, hata kama mwanzoni yanatoka matone. Maziwa ya mwishoni mwa kukamua yana mafuta zaidi, hivyo hayafai kumwagwa wala kuachwa titini. Kwa mtoto asiyeongezeka, daktari huweza kuagiza maziwa hayo yaongezewe virutubisho.

Mtoto wa namna hii huanza kulishwa kwa mpira mwembamba unaoingia tumboni. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa karibu na wiki ya 34, na kwa mwenye mapafu dhaifu huchelewa zaidi. Anapoanza kunyonya, muuguzi humwonesha mama dalili za kuchoka: jasho kwenye paji la uso, tundu za pua kutanuka, kuachia titi na kuhema, namba ya oksijeni kushuka. Hapo hupumzishwa, na kiasi kilichobaki hupitishwa kwenye mpira au kikombe. Mama wengi huumia wakiona mpira umerudishwa baada ya siku mbili za kunyonya vizuri, wakadhani mtoto amerudi nyuma. Mara nyingi amechoka tu, na kumlazimisha kungemgharimu uzito alioupata wiki nzima.

Kifuani mwa mama

Huduma ya kangaruu, yaani mtoto kukaa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, ilianzia Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, ambako daktari Edgar Rey alikabiliwa na upungufu wa mashine za joto. Ilichukuliwa kwa miaka mingi kama tiba ya maskini. Mtazamo huo ulibadilika mwaka 2021, baada ya kuchapishwa utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria. Watoto waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo moja na chini kidogo ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie. Katika kundi hilo walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28, na katika kundi lililosubiri, asilimia 15.7. Utafiti ulisitishwa mapema kwa sababu manufaa yalionekana wazi.

Mtoto mwenye oksijeni puani anaweza kubebwa hivyo, mradi muuguzi asaidie kuhamisha mirija. Huwekwa wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa isijikunje. Kitenge hufungwa kwa kiasi cha kumshika bila kukibana kifua. Baba, bibi au shangazi anaweza kupokea zamu, na anapaswa kupokea, kwani mama asiyelala hana maziwa ya kutosha.

Kurudi nyumbani

Kwa familia nyingi, mtoto huruhusiwa anapoweza kukaa bila oksijeni akiwa amelala, ananyonya na hata analia. Lakini mapafu bado hayajapona. Mafua ambayo kwa kaka yake ni usumbufu wa siku tatu, kwake huweza kumrudisha wadini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Anayekohoa asimpakate. Anayetoka nje anawe mikono kwa sabuni. Shughuli za kumtoa mtoto na kupokea wageni wengi zinaweza kuahirishwa bila kumkosea mtu yeyote heshima.

Moshi ni adui mkubwa zaidi kwa sababu umezoeleka. Moshi wa kuni, mkaa, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani vyote huchubua njia za hewa zilizokwisha kuumia. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Familia yenye mtoto huyu haina nafasi ya kusubiri mwaka huo. Kama gesi haijapatikana, jiko liwekwe nje na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Kadhalika, dawa za kuchua zenye harufu kali zisipakwe puani wala kifuani mwake.

Katika baadhi ya maeneo, mtoto anayekohoa kwa muda mrefu na asiyenenepa husemwa kuwa ana kimeo au “meno ya plastiki”, na familia hushauriwa ampelekwe kukatwa au kung’olewa. Mtoto wa aina hii ndiye hasa anayekidhi maelezo hayo, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kustahimili kutokwa damu na maambukizi yanayofuata. Kikohozi chake kinatoka mapafuni, na kukata kimeo hakukigusi.

Nyumbani alazwe chali, kwenye godoro lililo sawa, ingawa wadini wazazi waliwaona wauguzi wakiwalaza watoto kifudifudi. Kule kulikuwa na kipima oksijeni na jicho la muuguzi. Chanjo zifuate tarehe ya kuzaliwa kwake, si tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Wapo wanaosubiri kwanza “akue kidogo”, na hivyo kumwacha bila kinga dhidi ya kifaduro na nimonia katika miezi anayoihitaji kuliko yote. Kukaa, kutambaa na kutembea, kwa upande mwingine, huhesabiwa kwa umri uliosahihishwa: aliyezaliwa miezi mitatu kabla ya wakati, anapotimiza miezi tisa alinganishwe na wa miezi sita.

Mzazi asisubiri kesho akiona mtoto anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinabonyea, anaguna kila anapotoa pumzi, amekataa kunyonya au amelegea. Kwa ngozi yetu nyeusi, ubluu hauonekani kwa urahisi usoni. Utafutwe kwenye ulimi, fizi na ndani ya midomo. Akiacha kupumua, asuguliwe taratibu mgongoni au nyayoni huku msaada ukiitwa. Kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, usafiri wa mfumo wa m-mama huombwa kwa namba 115 bila malipo.

Kwa mama aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza muda huo kwa mama wa mtoto njiti, hivyo barua ya hospitali inayoonesha umri wa mimba wakati wa kujifungua iwasilishwe mapema kwa mwajiri.

Karatasi ya kuruhusiwa ihifadhiwe pamoja na kadi ya kliniki na isafiri na mtoto popote aendako. Mhudumu wa zahanati asiyemfahamu atamwona ni mtoto mwenye nimonia kama wengine. Kabla hajaulizwa lolote, mzazi aanze kwa kumweleza: alizaliwa mimba ikiwa na wiki ngapi, alikaa kwenye oksijeni kwa muda gani, na alipotoka hospitalini kiwango chake cha oksijeni kilikuwa asilimia ngapi.